Mafaili Mawili ya Mjukuu Mmoja

Kazi yangu ni kuwauliza watu majina yao. Nimeifanya miaka mingi kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja hapa Bariadi, na bado kuna asubuhi inanishinda. Mtu wa huku kwetu ana jina alilopewa siku ya kuzaliwa kwa sababu ya mvua, au njaa, au kwa vile mama yake alijifungulia njiani. Ana la ubatizo, ambalo analikumbuka zaidi Krismasi. Ana la babu au bibi aliyekufa zamani, kwa sababu alipokuwa mchanga alilia mfululizo mpaka wazee wakasema huyu analilia jina. Mwanamke akishazaa, hayo yote yanakwenda likizo, anabaki kuwa mama wa fulani. Kwa hiyo nikiuliza, "Jina la mgonjwa?", mtu ananitazama kwanza, anafikiri, halafu anachagua.

Nikiri mapema kwamba mimi si mpole. Wenzangu wanasema sauti yangu inafika maabara. Foleni ikiwa imetoka nje ya mlango, halafu mtu ananiambia, "Andika lolote tu, mayu," yaani mama, nachemka. Lolote litakuponyaje? Namwambia hivyo hivyo, mbele za watu.

Kabla ya kompyuta tulikuwa na chumba cha mafaili, rafu mpaka darini na vumbi la kutosha kupanda viazi. Nilikijua chumba kile kama jiko langu. Mfumo ulipoletwa niliuchukia kwa moyo wote. Nikapelekwa semina ya siku mbili Lagangabilili, na siku ya pili mchana mwalimu akaeleza njia za kumtafuta mgonjwa ambaye jina lake halieleweki, wakati mimi nawaza wali. Nilichoshika vizuri ni sehemu moja tu ya kubonyeza: mgonjwa mpya. Kumfungulia mtu faili jipya ni dakika moja. Kulitafuta la zamani, kwa majina ya watu wetu, ni dakika tano na lawama za foleni nzima. Basi nikawa nafungua mapya. Ripoti ya mwezi ikitoka, wakubwa walifurahi kwamba wagonjwa wapya wanaongezeka, wakanipongeza kikaoni, na mimi nikazipokea zile pongezi.

Kilichotutia aibu ni kliniki ya watoto wenye sikoseli. Mtoto anaandikishwa, anakuja miezi miwili mitatu, anakatika. Mfumo unamweka kwenye orodha ya waliopotea. Na vidonge vyao viliagizwa kwa kuangalia wanaohudhuria, kwa hiyo orodha ilivyorefuka ndivyo maboksi yalivyopungua. Daktari wa watoto, mama mwembamba asiyepaza sauti, aliniuliza kikaoni hawa watoto wanakwenda wapi. Nikamjibu kwa kiburi kwamba wazazi wa vijijini wakiona mtoto anacheza wanadhani amepona. Ikaamuliwa tuanze kutuma SMS za kuwakumbusha, na kazi ya kuziandaa nikapewa mimi. Niliifanya kwa moyo. Kila ujumbe niliuanza kwa jina la mtoto, mfumo ukilijaza wenyewe kutoka kwenye faili, maana niliona ndiyo heshima: fulani, unasubiriwa kliniki Jumanne.

Katika kliniki ile nilikuwa na mtoto mmoja wangu. Mtu wa mapokezi hatakiwi kuwa na mgonjwa anayempenda kuliko wengine, lakini ndivyo ilivyotokea. Alikuwa binti wa miaka minne hivi, macho ya njano, tumbo limejaa upande wa kushoto, akiletwa na bibi yake kutoka Sapiwi. Mama yake aliolewa upya Meatu, akamwacha kwa bibi. Wakifika, bibi alimkalisha kwenye ukingo wa dirisha, na mimi nikimaliza kuandika nilimwambia, "Haya bosi, ruhusu." Aliingiza mkono kwenye tundu la kioo akabonyeza kile kitufe kikubwa, enta. Printa ikilia, alicheka mpaka bibi yake naye akacheka. Nilimwita Bosi, basi. Jina lake niliandika siku ya kwanza na halikukaa kichwani.

Wakati wa palizi ya pamba alilazwa na homa. Akachomwa sindano, uso ukamvimba, pumzi ikakata. Nilisikia manesi wakikimbia kwenye korido, na niliposikia ni yule wa Sapiwi nilishindwa kuandika. Aliokoka. Jioni nesi alikuja dirishani na karatasi, akaniambia niweke tahadhari kwenye faili lake, nami nikaandika kwa herufi nyekundu dawa ambayo asipewe tena maishani. Baada ya hapo alikuja kliniki mara moja, kisha hakuja tena. Ujumbe wangu ulimwendea mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilisononeka, halafu nikaendelea na wengine, maana foleni haikupi nafasi ya kusononeka sana.

Walirudi wakati wa kuvuna. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, foleni imefika kwenye bodaboda, na mimi nilikuwa naandika bila kuinua macho.

"Mwangaluka, mayu," sauti ya mama mzee ikanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mgonjwa ameshawahi kutibiwa hapa?"

"Bado. Ni mgeni."

"Jina?"

Akataja jina la kizamani, zito, ambalo siku hizi hulisikii kwa watoto. Nikaliandika. Nikauliza namba ya simu, akanipitishia simu yake ya kitochi, yenye plasta imebandikwa nyuma, na namba juu yake kwa kalamu. Nikaandika na hiyo. Nilikuwa natafuta kipanya chini ya makaratasi, mkono mdogo wa moto ukapita kwenye tundu la kioo, ukapita juu ya mkono wangu, ukabonyeza enta. Printa ikalia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nikainua macho. Alikuwa amerefuka na kukonda, kichwa amekilaza kwenye bega la bibi yake, midomo imekauka. Kanga waliyojifunika ilikuwa imewaficha nusu ya uso wote wawili.

"Bosi," nikasema.

Bibi akamrudisha mkono ndani ya kanga. "Unamfananisha, mayu." Akachukua karatasi yake akaondoka kuelekea kwa daktari, haraka kuliko nilivyodhani miguu yake inaweza.

Nilikaa pale dakika kadhaa nikijiambia huenda kweli nimefananisha. Lakini kati ya watoto wote wa mkoa huu, ni mmoja tu niliyemfundisha kile kitufe. Nikamwachia mwenzangu dirisha, foleni ikaguna, nikaifuata ile kanga.

Daktari mwembamba alikuwa ameshampima. Mtoto alikuwa amelazwa kitandani, nesi anamtafutia mshipa. Nikasema kutoka mlangoni, "Daktari, huyu ana faili jingine. Ana dawa ambayo inamdhuru."

"Naona watoto wengi, simkumbuki, na faili lililo mbele yangu halina kitu," akasema. "Dawa gani?"

Ni mimi niliyeiandika, kwa herufi nyekundu, na sikuikumbuka. Dawa zina majina magumu kuliko watu.

"Ni sindano. Iko kwenye faili la zamani."

"Jina la zamani nani?"

Hilo nalo sikulijua. Nilimtazama Bosi wangu pale kitandani na nikaona haya kwamba nimecheka naye miezi yote ile bila kulijua jina lake.

Daktari akavua miwani. "Anaungua. Kwa macho haya na bandama hii ni sikoseli, na mtoto wa sikoseli mwenye homa hii sithubutu kumwacha bila antibiotiki, na nikimpa ile iliyomvimbisha nitamuua mwenyewe. Dawa za kuchagua hapa hazizidi tatu. Nitafutie lile faili. Nakupa dakika kumi, zikiisha itabidi nichague."

Bibi alikuwa kwenye benchi la korido, mikono mapajani. Nilipiga goti mbele yake, vile tunavyowasalimia wazee wetu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilisema kwa sauti ndogo.

"Bibi, mtoto alikuwa anaitwa nani kabla?"

"Hana la kabla. Ana hilo nililokutajia."

"Yule aliyevimba uso wakati wa palizi."

"Yule hakuwa huyu," akasema, na nikaona kwamba hadanganyi. Alikuwa anasema analoliamini.

Nikabaki palepale chini. Labda kwa sababu niliendelea kupiga goti, labda kwa sababu sikupaza sauti, akanieleza. Walipotoka kliniki mara ya mwisho wazee walikaa, wakasema mtoto analilia jina. Wakamtambikia, akapewa la mama yake bibi. Lile la mwanzo waliliacha pamoja na ugonjwa wake, na pale nyumbani halitamkwi, hata kwa bahati mbaya. Mtoto akachangamka, akawa anafukuza kuku.

"Halafu simu ikalia," akasema. "Mimi sijui kusoma. Nikampa jirani, akasoma kwa sauti, jina lile lile. Siku ya tatu mtoto akaanza kulilia miguu. Akapona. Mwezi mwingine simu ikalia tena." Alikuwa anautazama mlango wa chumba alimokuwa mjukuu wake. "Ninyi ndio mnamwita, ng'wanone," akasema, akiniita mwanawe. "Sisi tunamficha, ninyi mnamwita."

Siku nyingine ningemwambia kwamba sikoseli haisomi SMS, na ningemwambia kwa sauti ya kufika maabara. Siku ile niliziona zile meseji zangu nzuri, zenye heshima, zikiingia kwenye kibanda cha mtu kila mwezi na kumtia hofu, mpaka akaona afadhali atukimbie kliniki nzima.

"Ni mimi," nikasema. "Anayeziandika zile meseji ni mimi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe.

"Sitakuomba ulitamke," nikasema, "lakini bila lile faili daktari anabahatisha. Lile jina ndilo..." Hapo nikamkumbuka mwalimu wa Lagangabilili. Mchana ule nikiwaza wali, alisema kitu kuhusu namba za simu. Jirani aliyesoma zile meseji alizisoma kwenye kitochi kile kile chenye plasta. Bibi alibadilisha jina la mjukuu, lakini laini yake hakuibadilisha.

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu na uzito wangu akikimbia kwenye korido watu wanapisha. Nikamsukuma mwenzangu atoke kwenye kiti, nikahangaika kupata mahali pa kutafutia kwa namba, nikaandika moja moja tarakimu za faili la asubuhi. Yakaja mafaili mawili. Moja la asubuhi ile, tupu. Jingine la zamani, na juu yake zile herufi nyekundu.

Bibi alikuwa amenifuata. Alisimama upande wa pili wa kioo, akiutazama mgongo wa kompyuta, kana kwamba angeweza kuona kilichoandikwa upande wangu.

"Umeliona?"

"Nimeliona, bibi."

"Usilitamke."

"Silitamki."

Nikanakili jina la dawa peke yake kwenye kipande cha karatasi, nikarudi mbio. Daktari alikuwa ameshachagua. Dawa ilikuwa imevutwa kwenye bomba la sindano, nesi amelishika mkononi. Daktari alisoma karatasi yangu, akalichukua lile bomba kutoka kwa nesi, akaliweka mbali kabisa, kwenye beseni la kona. Ilikuwa ni ile ile. Akaandika nyingine, halafu akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akashika kichwa.

Siku ya tatu Bosi alikunywa uji. Najua kwa sababu niliuleta mimi, kila siku saa ya chakula cha mchana, na bibi aliupokea bila kusema mengi. Siku ya nne aliniambia uji wangu una sukari nyingi mno. Nilifurahi kuliko zile pongezi zote za kikaoni.

Mfumo una mahali pa kuunganisha mafaili mawili ya mtu mmoja. Unakuuliza jina gani liwe kubwa, na la pili linabaki pembeni, kwenye kisanduku cha majina mengine. Kulifuta haiwezekani. Nilijaribu mara nne. Nikamweka na jina la mama yake bibi kwa herufi kubwa, lile jingine nikaliacha pale lilipong'ang'ania.

Kisha nikaichukua orodha ya waliopotea. Kwa majuma mawili, kila alasiri foleni ikiisha, niliandika namba ya simu ya kila mtoto na kuangalia kinachokuja. Wengi hawakupotea hata kidogo. Walikuwa wamerudi dirishani kwangu wakiwa na majina ya mababu, nikawapokea kama wageni, wakatolewa damu upya, wakatibiwa malaria upya, wakapewa panadoli na kurudishwa Sola, Itilima na wanakotoka. Mtoto mmoja nilimgeuza wagonjwa wawili, mmoja nikamhesabu mpya kwa sifa, mwingine nikamlalamikia kwamba ametoroka. Wengine namba zao hazikuleta faili la pili. Hao niliwapigia. Mama mmoja aliniambia, "Huyo hayupo, mayu, tulimzika kabla ya mvua," na nilipoangalia niliona kwamba tangu mvua zianze nimemtumia ujumbe kila mwezi, nikimwita mtoto wake kwa jina. Hakunigombeza. Nilitamani angenigombeza. Nilifunga dirisha mapema siku hiyo, nikalia.

Nilisema yote kikaoni, nimesimama. Ripoti ya mwezi ule wagonjwa wapya walishuka, na hakuna aliyenipongeza. Kliniki ya sikoseli ikajaa kwa watoto walewale wa zamani, na maboksi ya vidonge yakaanza kuja kwa kadiri ya watoto waliopo. Daktari mwembamba alikuja dirishani akanishika bega, akaondoka. Na zile meseji nikaziandika upya. Hazina jina la mtu. Zinasema tu: Shikamoo, mtoto wenu tunamsubiri Jumanne.

Bibi alileta mtoto kila mwezi. Kisha, karibu na kupanda tena, daktari akaona bandama imekua mno, akasema lazima akaonwe na madaktari wakubwa Mwanza, huenda akapasuliwa. Barua ya rufaa inatoka kwenye mfumo. Niliichapa, na kabla sijaiona nilijua itakavyokuwa. Juu jina la mama yake bibi, chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, jina lile.

Bibi hajui kusoma. Ningeweza kuikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikamtakia safari njema. Nilijua nikimwambia huenda asiende, na mtoto hakuwa na miezi ya kupoteza. Lakini nilishamtumia zile meseji bila kumwuliza, na nilikumbuka zilikompeleka.

"Bibi," nikasema, "kwenye barua hii lipo. Siwezi kulitoa, na kule wanalihitaji ili waone damu zote alizoongezewa na mambo yote ya nyuma. Mimi hapa sijalitamka wala sitalitamka. Lakini Mwanza simjui atakayekaa dirishani. Ni ukumbi mkubwa, wanaita watu kwa sauti. Huenda wakamwita kwa hilo."

Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa dirisha akivuta uzi kwenye sweta langu. Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Niliwanyamazisha kwa jicho.

"Nitakuwa naye?" akauliza mwishowe. "Wakiita, nitakuwa nimekaa naye?"

"Utakuwa naye. Ni wewe unayempeleka."

Akamchukua mtoto, akamgeuza mgongoni, akafunga kitenge na kukikaza mara mbili.

"Basi wakiliita," akasema, "nitaitika mimi."

Nikampa barua kwa mikono miwili.